Maswali ya Wasomaji: Mabango, Picha na Sahihi za Boris Karloff

Barua nyingi za mwezi huu zimemhusu mtu mmoja: Boris Karloff, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1887 kwa jina William Henry Pratt, akapata umaarufu Marekani kwa filamu za kutisha, na kufariki mwaka 1969. Wasomaji hawaulizi filamu zake tu. Wanauliza pia kuhusu karatasi zilizotumika kuzitangaza.

Kuna muuzaji wa vitu vya zamani mjini ana bango la filamu ya Frankenstein analosema ni la mwaka 1931. Lina upana wa sentimita 61 na urefu wa 91. Anataka shilingi 40,000 na nimeshaweka amana ya 5,000. Nimalizie?
*Msomaji, Ngara*

Usimalizie, na udai amana yako. Kipimo peke yake kinatosha kulikataa. Bango la kawaida la sinema za Marekani enzi hizo lilikuwa inchi 27 kwa 41, yaani karibu sm 69 kwa 104. Sm 61 kwa 91 ni kipimo cha mabango yanayochapishwa kwa ajili ya maduka, watu wabandike vyumbani. Hata liwe limechakaa namna gani, halikutumwa kwenye ukumbi wowote wa sinema mwaka 1931. Bei nayo ingekushtua: bango la The Mummy, filamu ya Karloff ya 1932, liliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's mwaka 1997 kwa dola 453,500. Mabango yake ya miaka hiyo ni adimu kiasi hicho.

Siku ukionyeshwa lenye kipimo sahihi, ligeuze kwanza. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 mabango haya yalisafirishwa yakiwa yamekunjwa: mkunjo mmoja wa wima katikati na mitatu ya mlalo, ukipata vipande 8. Mikunjo hiyo huonekana nyuma na huguswa kwa kidole. Wanaonakili hupiga picha bango halisi, kisha mikunjo yake inachapishwa pamoja na picha. Ukitazama mbele unaona mistari myeupe iliyochubuka, ukipitisha kidole juu yake karatasi ni laini kama haijawahi kukunjwa. Hapo kesi imekwisha.

Kisha chukua kioo cha kukuzia mara 10 uangalie herufi ndogo za chini. Katika uchapaji wa lithografia wa wakati ule kila herufi ni rangi moja iliyoshikana, na vivuli vya uso vinafanana na chaki iliyopakwa. Kwenye nakala ya siku hizi hata herufi zimejengwa kwa vidoti vya buluu, waridi, manjano na nyeusi. Mwisho, nunua ile tochi ya kukagua noti, Barabara ya Luthuli jijini Nairobi zipo tele, ukaimulike karatasi gizani. Karatasi nyingi za baada ya takriban 1950 zina kemikali ya kung'arisha, hivyo hutoa mwanga mweupe wa kibuluu. Ya 1931 inabaki hafifu. Tahadhari moja: bango lililogandishwa kwenye kitambaa linaweza kuwaka kwa sababu ya karatasi mpya iliyowekwa nyuma, kwa hiyo soma mwanga wa upande wa mbele, sehemu isiyo na wino.

Kuna aina ya tatu ya bango, lisilo bandia wala la 1931. Frankenstein ilirudishwa kumbini mwaka 1938 pamoja na Dracula, na baada ya vita kampuni ya Realart ikapewa haki ya kuzionyesha upya filamu za zamani za studio ya Universal. Kila marudio yalichapishiwa mabango yake. Ukiona jina Realart, hilo ni bango halali la sinema lakini si la mara ya kwanza, na thamani yake ni sehemu ndogo tu ya lile la mwanzo. Kwa mabango ya kuanzia miaka ya 1940 tafuta namba kwenye ukingo wa chini, kwa kawaida kona ya kulia. Tarakimu mbili kabla ya mkwaju (/) ni mwaka: 63 ni 1963. Ikitanguliwa na herufi R, ni marudio. Namba hizo ziliwekwa na National Screen Service, iliyosambaza matangazo ya studio karibu zote, kwa hiyo bango la 1931 lenye namba hiyo lina walakini.

Mshahara wangu ni wa kawaida. Naweza kukusanya kitu halisi cha Karloff bila kukopa?
*Msomaji, Buruburu*

Unaweza, mradi usianze na Universal ya miaka ya 1930. Bei inafuata safari yake ya kazi, kwa hiyo ijue safari yenyewe.

Alikuwa ameshacheza sehemu ndogo ndogo kwa zaidi ya miaka kumi, nyingi zikiwa filamu zisizo na sauti, kabla ya mwongozaji James Whale kumchagua awe zimwi la Frankenstein. Orodha ya mwanzo wa filamu hiyo iliweka alama ya kuuliza mahali pa jina lake. Mwaka mmoja baadaye, kwenye The Mummy, jina Karloff peke yake lilitosha kuuza tiketi. Kipindi hicho, hadi Bride of Frankenstein ya 1935, kiache kwa matajiri.

Baada ya hapo kuna ngazi ya kati. Studio ya Columbia ilimfanya daktari mwenye majaribio ya hatari katika filamu kama The Man They Could Not Hang (1939) na Before I Hang (1940). Studio ya RKO, chini ya mtayarishaji Val Lewton, ilimpa The Body Snatcher (1945) na Bedlam (1946), na kwa maoni yetu huko ndiko aliigiza vizuri kuliko kote. Wakusanyaji wengi bado wanalitazama zimwi tu, basi hapo pana nafasi yako.

Ngazi ya chini kabisa kwa bei ni miaka ya 1960: The Raven na The Terror (zote 1963), Die, Monster, Die! (1965), Targets (1968). Usianze na mabango. Anza na kadi za ukumbini, zile za inchi 11 kwa 14 (sm 28 kwa 36) zilizowekwa kwenye lango la sinema. Kwa kawaida seti ilikuwa na kadi 8: moja ya jina la filamu na 7 za matukio. Kadi ya tukio ambalo Karloff hayumo huwa nafuu zaidi, lakini ukiwa unataka kufurahia ukutani, lipia ile yenye uso wake. Kuna pia stempu za Marekani zilizotolewa tarehe 30 Septemba 1997, za senti 32, zenye mazimwi ya sinema. Ziko aina 5 na Karloff yumo katika mbili, kama zimwi na kama maiti ya Misri.

Ukiagiza kutoka nje, mwambie muuzaji aweke kadi kati ya mbao mbili za kadibodi ngumu, bapa, si kwenye mrija. Bango lililokunjwa tangu zamani lije limekunjwa vilevile, maana kulizungusha kwenye mrija mwembamba huvunja nyuzi penye mikunjo. Unapopiga hesabu kumbuka VAT ya asilimia 16 na ushuru mwingine wa forodha, na kwamba hesabu hiyo hufanywa juu ya bei pamoja na nauli.

Nimeuziwa picha tatu za zimwi la Frankenstein nikiambiwa zote ni Karloff. Rafiki yangu anasema moja si yeye. Nitajuaje?
*Msomaji, South C*

Rafiki yako huenda yuko sahihi. Karloff alilicheza zimwi hilo katika filamu tatu tu za Universal: 1931, 1935 na 1939. Mwaka 1942 alilicheza Lon Chaney Jr., 1943 Bela Lugosi, na kuanzia House of Frankenstein ya 1944 Glenn Strange. Kinachowachanganya watu ni kwamba Karloff yumo pia katika hiyo ya 1944, ila kama daktari mwovu. Mwaka 1948 alikubali kuipigia debe filamu nyingine ambayo Strange ndiye zimwi.

Tazama shavu la kulia la zimwi, yaani upande wako wa kushoto. Karloff alikuwa na meno ya bandia upande huo na aliyatoa wakati wa kupakwa vipodozi na Jack Pierce, hivyo shavu likabonyea na kuacha shimo lenye kivuli. Glenn Strange ana uso mpana uliojaa. Mavazi yatakupa mwaka: koti jeusi na nywele zilizolala kwenye paji ni 1931. Nywele zilizoungua na makovu usoni ni 1935, kwa kuwa hadithi inaanza baada ya moto wa kinu. Fulana ya manyoya ya kondoo ni 1939.

Picha halisi ya studio ni inchi 8 kwa 10 (sm 20 kwa 25). Mara nyingi ina namba kwenye kona ya chini: sehemu ya kwanza ni ya filamu, inayofuata ni ya picha. Iinamishe chini ya taa. Picha za zamani zilizosafishwa kwa chumvi za fedha hupata mng'ao kama kioo kwenye sehemu nyeusi za pembeni. Printa ya kisasa haitoi mng'ao huo.

Fundi wa fremu amenipa bei ya bango la The Raven. Atalibandika kwenye hadibodi kwa gundi na kuweka kioo juu. Kuna ubaya?
*Msomaji, Lang'ata*

Upo, na wote uko kwenye hiyo gundi na hiyo hadibodi. Bango lililogundishwa halitoki tena bila kuchanika, na mnunuzi yeyote makini atalihesabu kama limeharibika. Hadibodi na MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa) hutoa asidi inayogeuza karatasi kuwa kahawia kuanzia nyuma. Laminesheni ni mbaya zaidi: joto huyeyusha plastiki ndani ya nyuzi na hakuna anayeweza kuitoa.

Mpe fundi maagizo haya, ikiwezekana yaandike. Nyuma ya bango kuwe na kadibodi isiyo na asidi. Bango lining'inizwe kwa vipande viwili au vitatu vya karatasi ya Kijapani, upana wa sm 3 hivi, kwenye ukingo wa juu peke yake, kwa gundi ya wanga wa ngano. Pembeni na chini liachwe huru, kwa sababu karatasi hutanuka msimu wa mvua na kunywea kiangazi. Ukiibana pande zote inafanya mawimbi. Kati ya bango na kioo pawe na nafasi isiyopungua milimita 3, kwa vijiti vilivyofichwa ndani ya fremu au kwa kadibodi iliyokatwa dirisha. Bila nafasi hiyo unyevu hushika na wino hugandamana na kioo. Nyuma ya fremu zibwe kote kwa utepe wa karatasi, mende na mchwa wasipate mlango.

Badala ya kioo omba akriliki, yaani plastiki angavu, yenye kichujio cha miale ya jua. Kwa ukubwa huo kioo cha milimita 3 kina uzito wa kilo 5 na ushee, akriliki ya unene huohuo haifiki kilo 3, na ikianguka haikati bango. Lakini kichujio hakizuii mwanga wote. Nairobi iko juu, jua lake ni kali, na ukuta unaopigwa na jua la asubuhi au la jioni utakula waridi na manjano hadi bango libaki la kibuluu. Chagua ukuta wa ndani, usiopakana na bafu wala usionyeshewa kwa nje, na ubandike vipira vidogo kwenye kona za chini za fremu ili hewa ipite nyuma.

Kama bango lina selotepu ya zamani, usiivute wala usipake petroli au thina. Thina huyeyusha wino na kuacha duara. Likilowa kwa paa kuvuja, lilaze juu ya karatasi nyeupe ya kunyonya maji, kamwe si gazeti, maana wino wake huhamia. Feni izungushe hewa chumbani bila kulielekea, na usipige pasi. Ukungu unaweza kuanza ndani ya saa 48. Kama huwezi kulikausha kwa muda huo, liweke kwenye mfuko wa plastiki ndani ya friza hadi upate mtaalamu.

Nimeona picha iliyotiwa sahihi ya Karloff kwa kalamu ya dhahabu, ikiwa na cheti. Ni halisi?
*Msomaji, Umoja*

Iache. Kalamu za rangi ya dhahabu na fedha za kutia sahihi zilienea baada ya kifo chake. Kalamu ya bolpeni ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1945, kwa hiyo sahihi ya bolpeni inayodaiwa kuwa ya 1932 nayo haiwezekani, ingawa angeweza kusaini picha ya zamani miaka ya 1950. Inamishe picha chini ya taa: wino halisi hukaa juu ya uso wa picha. Sahihi iliyochapishwa iko ndani ya picha yenyewe. Cheti kina uzito wa aliyekitoa tu, kwa hiyo uliza ni nani.

Nataka kujua filamu zake zilivyotangazwa hapa Nairobi. Nitafute wapi?
*Msomaji, Eastleigh*

Kwenye magazeti. Matangazo ya sinema yalichapishwa humo, yakiwa na jina la ukumbi na saa za maonyesho. Nenda Maktaba ya McMillan, Barabara ya Banda, au Nyaraka za Kitaifa kwenye Barabara ya Moi, ukiwa na orodha ya filamu na miaka yake. Usianze na tarehe ya Marekani. Anza miezi kadhaa baadaye, kwa sababu nakala za filamu zilikuja kwa meli. Tafuta kwa majina ya kumbi pia, si kwa jina Karloff peke yake, maana tangazo dogo mara nyingi liliandika jina la filamu tu. Nakili tarehe na ukurasa kila mara. Ukiruhusiwa kupiga picha, piga ukurasa mzima kwanza, halafu tangazo lenyewe.