Muhuri mmoja, deni la wawili

Juni 2024 nilipigiwa simu na mteja wetu wa dagaa aliyeko Dar es Salaam. "Dada, mzigo wangu lini?" Mzigo gani? Ziwa Tanganyika lilikuwa limefungwa kwa uvuvi tangu Mei 15, na lingefunguliwa Agosti 15. Vichanja vya dagaa pale Kibirizi, hapa Kigoma, vilikuwa vitupu, kuku wanapita chini yake. Akanitumia picha ya risiti: shilingi 3,500,000, malipo ya awali, muhuri wetu, saini ya mwenzangu wa biashara.

Mwenzangu ni shoga yangu tuliyekua naye Mwanga. Mtaji wake laki nane, wangu milioni mbili, na hatukuandikiana chochote. Siku ile simu yake ikawa haipatikani.

Nilikwenda kwa wakili na hoja yangu mkononi: hatuna mkataba, basi si wabia, kila mtu abebe deni lake. Akacheka kidogo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haisubiri karatasi. Mkishafanya biashara pamoja ili mpate faida, tayari ni wabia, na anachosaini mmoja katika shughuli za kawaida za biashara kinawafunga wote. Mteja anaweza kumdai yeyote kati yenu deni zima. Mali ya biashara isipotosha, zamu ni ya kiwanja chako na cherehani uliyoachiwa na mama, kwa sababu ubia hauna ile ngao waliyo nayo wenye hisa wa kampuni, ya kutoguswa mali zao binafsi. (Huku kwetu watu wawili wakishachonga muhuri hujiita kampuni.) Kilichoniuma zaidi ni hiki: bila makubaliano, faida na hasara hugawanywa sawasawa, hata kama mitaji haikulingana.

Nililipa kwa awamu, ya mwisho Januari.

Sasa mbia wangu ni wifi. Safari hii mkataba umetangulia gunia la kwanza: nani kaweka kiasi gani, faida tunagawanaje, nani anasaini nini, anayetaka kutoka anatoa taarifa mapema kiasi gani. Na mmoja akifa inakuwaje, maana msipoandika, kifo huvunja ubia. Hapo wifi aligoma, akasema namtabiria. Nilimsubiri siku mbili.

Mengine ni miguu tu. Mkitumia jina la biashara lisilo majina yenu wenyewe, lisajilini BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Ni mtandaoni, kwa namba za NIDA, hamna haja ya kusafiri. TRA mtachukua TIN, namba ya mlipakodi, ya ubia, mbali na zenu binafsi, na mkataba watauulizia. Leseni ya biashara iko halmashauri, na sisi wa dagaa tunapita pia kwa watu wa uvuvi. Mbia akiondoka, wapelekeeni BRELA taarifa, kisha waandikieni wauzaji na wateja wenu. Asiyejua ataendelea kumhesabu kuwa mwenzako, aje akudai wewe.

Mkataba wetu unasema malipo ya awali yanayozidi laki tano yanataka saini mbili. Wakili akatuonya: sharti hilo linatubana sisi, mteja asiyelijua halimhusu. Basi tumelichapa chini ya kila risiti, kwa herufi nene. Muhuri nakaa nao mimi, pedi ya wino anayo wifi. Najua, pedi zinauzwa hata stendi.