Usiingie hatua ya kabila, heroe wako hataruka

Toa mkono kwenye mausi kwanza.

Umesema unataka heroe wako apae kwenye Spore, ule mchezo wa kompyuta wa kuunda kiumbe na kumvusha hatua kwa hatua: seli, kiumbe, kabila, ustaarabu na kuendelea. Umesema ana mabawa tayari, ubongo (kile kipimo kinachojaa ndipo kiumbe aingie kabila) umebakisha kidogo ujae, na kuna mtu amekuhakikishia kwamba akishaingia kabila ataruka. Huyo mtu namjua. Jina lake silijui, lakini maneno hayo ndiyo niliyolishwa mimi hapa Kondele, Kisumu, nikayameza makavu bila hata mboga.

Wangu alikuwa mwewe. Wiki tatu nzima, kila nikifunga kibanda changu cha kutengeneza simu, nawasha kompyuta ya mitumba nacheza mpaka tokeni za stima zinalia. Nilifukua mifupa, maana humo ndimo viungo vipya hupatikana, kila kona ya ile sayari nikitafuta bawa bora kuliko nililokuwa nalo. Nikalipata. Nikampandisha kilima, nikabonyeza, na kweli akaruka: akapanda juu kidogo, akatandaza mabawa, akaelea kama karatasi ya nailoni, akatua palepale mtelemko ulipoishia.

Nilipolalamika, mshauri wangu akaandika, "Tulia, akifika kabila ataruka."

Kiswahili chetu nacho kiliniponza. Chura anaruka, kuku anaruka ua, ndege ya Nairobi inaruka. Mimi niliposoma "ataruka" nilimwona mwewe juu ya ziwa. Mchezo wenyewe unamjua chura tu! Mabawa ya kiumbe pale ni ya kumchelewesha kuanguka baada ya kuruka kwa miguu. Uyaweke mawili, uyaweke manane, hapai.

Basi nikavuka. Kabila likafunguka, mwewe wangu kasimama mbele ya kibanda na mkuki mkononi, mabawa yamening'inia mgongoni kama mwavuli wa mama wa sokoni mvua ikiisha. Nabonyeza kitufe cha kuruka, hakuna kitu. Hata ule uchura wake wameuchukua. Nikasema sawa, nitamrudisha nimpunguzie mwili, pengine ni uzito. Nafungua pa kumhariri, naletewa kofia. Kofia na mapambo ya kifuani! Ukishatoka hatua ya kiumbe mwili umefungwa, unachobadilisha ni mavazi. Yule aliyebaki kwenye mkusanyiko wa viumbe unaweza kumkata na kumshona utakavyo, lakini wa kwenye mchezo ndiye huyo, mzee wa mkuki. Wiki tatu! Nilimrudia mshauri, akanijibu kwa kikatuni cha kucheka. Baadaye nikagundua yeye mwenyewe hajawahi kuvuka hatua ya seli. Mke wangu mpaka leo simu ya mteja ikikataa kuwaka ananiuliza kama nimeijaribu na mabawa.

Sasa sikiliza, na hili ulishike hata ukisahau mengine yote: ukitaka ndege, tengeneza ndege. Namaanisha ile ya rubani. Rudi menyu ya kwanza, ingia karakana ya vyombo, chagua chombo cha angani. Huhitaji kufika hatua ya ustaarabu ndipo ufunguliwe, karakana iko wazi tangu siku ya kwanza. Humo hakuna anayekuuliza una miguu mingapi. Shingo ya heroe ipange kwa vipande vya mviringo, kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja ukikipunguza kidogo kwa gurudumu la mausi. Inyooshe mbele, na miguu uinyooshe nyuma, maana heroe akiwa hewani hakunji shingo kama baadhi ya korongo. Wewe ni wa Nakuru, unajua. (Ingawa maji yalipojaa wengi wao walikuhameni wakaenda Bogoria.) Chunga tu kile kipimo kinachoonyesha umetumia vipande vingapi kisijae kabla hujaweka mdomo. Mimi mdomo wangu wa kwanza ulikosa nafasi, nikabaki na kitu kama bomba la maji lenye mabawa.

Mabawa hayatapiga, najua, usinijie na hilo. Lakini chombo kinakaa juu chenyewe, kinageuka, kinapita juu ya mji, na ukikitazama kutoka chini utaapa ni heroe anayeelea. Ukiwa na ile nyongeza ya 2009, Galactic Adventures, unamweka kwenye hadithi yako mwenyewe.

Ukitaka lazima mabawa yapige, basi baki na kiumbe, mpe nyayo zenye nguvu kubwa ya kuruka juu, mpandishe kilima, urekodi ukiwa umeshusha kamera hadi ardhi isionekane. Utapata sekunde chache. Kata kabla hajatua, rudia, unganisha. Nimefanya hivyo mara moja na sirudii, kidole cha kitufe kiliuma siku mbili.

Mimi nataka kujua ubongo umebakisha kiasi gani. Jibu kabla hujafungua mchezo tena.