Homa baada ya kemo: usingoje kukuche
Pole sana dada yangu. Umeuliza kama umpe mwanao amoksilini, antibiotiki ya kumeza iliyobaki kabatini, kwa kuwa ana homa ya nyuzi 38.5 siku ya kumi baada ya kemo, yaani dawa kali za saratani. Usimpe. Mpeleke hospitali usiku huu huu, hata kama bado anacheza. Siku kama hizi baada ya kemo, chembe nyeupe za damu, zinazopigana na vijidudu, huwa zimeshuka mno, na bakteria humlemea mtoto ndani ya saa chache. Anahitaji antibiotiki ya mshipani, ndani ya saa 1 tangu afike, na damu ya kupima vijidudu, kwa kuviotesha maabara, ichukuliwe kwanza. Ile dawa ya kabatini itavuruga kipimo hicho. Panadoli nayo huficha homa. Mlangoni sema: "Mtoto huyu anatibiwa saratani, ana homa." Msikubali kupangwa foleni.