Fundi, maji ya rejeta yanakwenda wapi?

*Fundi, gari letu la viti saba linapoteza kama nusu lita ya kulanti (maji ya rejeta yenye dawa) kila wiki, na chini ni kukavu, hata tone hamna. Fundi wa kwanza alibadilisha kifuniko cha rejeta, wa pili akabadilisha wota pampu. Sasa wa tatu ataka kufungua injini. Tumekwisha pesa. (Mama wa watatu, Muyeye)*

Mama, injini isiguswe kwanza. Huyo wa tatu muulize swali moja: amepima presha? Asubuhi gari likiwa baridi, kifuniko cha rejeta hutolewa, mahali pake pakafungwa pampu ya mkono yenye saa ya kupimia presha. Unapiga upepo mpaka kipimo kilichoandikwa kwenye kifuniko (magari mengi ya Kijapani ni 0.9 au 1.1, yaani kilo kwa sentimita mraba), kisha unakaa dakika 20 ukitazama mshale. Ukishuka, pana mahali panavuja. Kazi ya bei ndogo, lakini wengi hawana subira nayo.

Chini kuwa kukavu si ushahidi. Tundu dogo huvuja injini ikiwa moto tu, na maji yakiangukia chuma cha moto hukauka hapo hapo. Yanachoacha ni alama kama chaki, ya waridi au ya kijani. Itafuteni kwenye maungio ya mipira, kwenye mshono wa plastiki juu ya rejeta, na chini ya wota pampu.

Kisha mlale chini ya gari, upande wa nyuma. Magari mengi ya viti saba yanayotoka Japani yana hita mbili, ya pili ni ya abiria wa nyuma. Mabomba yake hupita chini ya sakafu, na mara nyingi ni ya chuma. Nani awasha hita Malindi? Hakuna, ndiyo maana hakuna anayeyakumbuka. Lakini kwa magari mengi maji ya injini hupita humo kila siku, uwashe usiwashe, na hewa yetu ya bahari hula chuma kutoka nje. Nilikuta moja bomba lake linang'aa vizuri, ila pale lilipobanwa na klipu, karibu na gurudumu la nyuma. Niligusa kwa bisibisi, ikazama kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Gari likienda upepo hurushia maji nyuma. Likisimama, bomba limetulia. Nyumbani huoni kitu.

Dawa ni bomba jipya. Kama safari zenu haziendi kwenye baridi, mabomba ya nyuma yanaweza kukatwa na mipira ikaunganishwa mbele, maji yasifike nyuma kabisa. Baada ya hapo mtoe hewa: pua ya gari iinuliwe mlimani, hita ya mbele iwekwe kwenye joto la mwisho, maji yatiwe polepole mpaka mapovu yaishe.

*Nikiegesha baada ya kutembea na AC, maji hudondoka upande wa abiria. Rejeta imetoboka? (Barani)*

La. Ni unyevu wa hewa uliogeuka maji kwenye AC. Yashike: kama ni maji matupu, hayatelezi wala hayana rangi, tulia. Yakiwa yanateleza na zulia la ndani limelowa, hapo ni rejeta ndogo ya hita, inavuja.

*Tulipotoka Mokowe gari lilichemka kabla ya Minjila. Dereva wa lori alitutilia bizari kwenye rejeta, tukafika salama. Sasa nikiwasha asubuhi linakohoa, moshi mweupe, na mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu ndani ya dakika mbili. (Baba Salma, Maweni)*

Bizari hufura ikaziba tundu dogo. Kwa kukufikisha nyumbani simlaumu dereva. Lakini haichagui, huziba na vijitundu vya rejeta na hita, kwa hivyo kwanza ioshwe.

Mpira kuwa mgumu upesi hivyo, injini haijapata hata moto, ni kwa sababu moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Hiyo ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake, ndugu yangu. Kuhakikisha, kuna dawa ya buluu ndani ya kichupa kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta. Ikigeuka njano, basi. Hedi ikishatolewa, usikubali gasketi mpya ibandikwe tu. Hedi yenyewe ipimwe kwa rula ya chuma kama imenyooka. Kipimo kinachoruhusiwa kwa injini nyingi ni milimita 0.05, chini ya unene wa unywele. Imepinda? Iende mashini ikasawazishwe, la sivyo mtarudi.

Na kule njiani mlifungua kifuniko baada ya muda gani? Ndani ya rejeta maji hupita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu yamebanwa. Ukifungua, yanachemka yote kwa mara moja usoni pako. Ngojea mpaka uweze kuubinya mpira kwa mkono mtupu.

*Kisima chetu Ngomeni kina maji ya munyu kidogo. Naweza kuyatia? (Kijana)*

Usitie, mwanangu. Munyu hula aluminiamu. Tia kulanti nusu na maji ya betri nusu, na usome chupa, isiwe asidi. Ukikwama barabarani tia maji yoyote ya kunywa, ila ukifika yaondolewe.

*Kulanti ya waridi na ya kijani zachanganyika? (Shella)*

Rangi si kanuni, kila kampuni hupaka yake. Fuata kitabu cha gari, na ukiwa na shaka, mwaga yote uanze upya. Ile kuukuu usiimwage mtaroni. Ina utamu, na ni sumu. Mimi huiweka kwenye dumu la lita 5 lenye kifuniko, juu ya kabati, maana paka wa jirani hulala gereji kwangu.