Mwanangu, Kondoo Anajua Kukimbia

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa WhatsApp nilianza kuusoma nikiwa kwenye matatu ya kurudi Umoja, nikauacha, nikausoma tena nyumbani nilipotulia. Umeuliza swali la haki na linastahili barua. Umesema: "Mama, wewe ulifundisha hesabu miaka yote hiyo. Hukukubali jibu bila mtu kuonyesha njia. Inakuwaje kila Jumapili unakaa pale unaitwa kondoo, halafu unasema amina?" Kisha ukanitumia ile habari ya kondoo wa Uturuki, na chini yake neno moja: Shakahola.

Nianze na hao kondoo, maana wewe ndiye uliyewaleta. Nimeitafuta habari yao nikaisoma hadi mwisho. Ilikuwa Julai 2005, karibu na mji wa Gevaş. Kondoo mmoja alijirusha gengeni, na wengine karibu 1,500 wakamfuata. Walikufa kama 450. Wengi waliosalia walipona kwa sababu waliangukia juu ya mizoga ya wenzao. Inatisha, na sikulaumu kwa kuitumia. Lakini kuna jambo ambalo wanaoisimulia hulipita mbio: wachungaji walikuwa wameliacha kundi lichunge lenyewe, wao wakienda kupata kiamshakinywa.

Biblia inaweka lawama papo hapo. Soma Ezekieli 34, usome yote. Mungu haanzi kwa kuwauliza kondoo kwa nini walitawanyika. Anawashtaki wachungaji: wamekula walionona, wamejivika manyoya yao, aliyevunjika hawakumfunga, aliyepotea hawakumtafuta. Anaapa kuwanyang'anya kondoo vinywani mwao. Na ukiendelea, utaona anawageukia pia kondoo wanono wanaowasukuma wanyonge kwa ubavu na kwa bega. Kwa hiyo hata kondoo anahukumiwa kwa alichokifanya. Mimi ninapoitwa kondoo nasikia na sura hiyo, na ninamtazama aliyesimama mimbarani nikijua kwamba hati ya mashtaka yake iliandikwa zamani.

Jirani yetu wa ghorofa ya chini, ambaye ni Mwislamu, niliposimulia swali lako alinisomea hadithi ya Mtume wao: kila mmoja wenu ni mchungaji, na kila mmoja ataulizwa juu ya anachokichunga. Nilifurahi sana kuisikia.

Wewe umekulia Nairobi, kondoo umewaona zaidi sahanini. Mimi nilichunga Ol Kalou tangu nikiwa mdogo. Jioni pale mtoni makundi ya familia nne au tano yalichanganyika hata usingejua wa nani ni wepi. Kila mtoto aliita kwa mlio wake, na kondoo wake wakajitenga. Kaka yangu alijaribu kuigiza mlio wa jirani. Kondoo wa jirani waliinua vichwa, wakamtazama, wakarudi majini. Ndiyo maana Yohana 10 hainifanyi nijione mjinga. Yesu anasema kondoo wanaijua sauti ya mchungaji wao, na mgeni hawatamfuata kabisa bali watamkimbia. Wahubiri wengi husoma kile kipande cha kufuata wakakaza sauti, kile cha kukimbia wakakinong'ona. Kondoo anayesifiwa mle anatofautisha sauti, anakataa, anatumia miguu yake. Hata wanasayansi wa Cambridge mwaka 2017 walionyesha kwamba kondoo wanaweza kufundishwa kutambua uso wa mtu kwenye picha, mmoja wao akiwa Barack Obama, ambaye hapa kwetu hahitaji utambulisho. Na katika Mathayo 10, aya ileile inayosema "nawatuma kama kondoo kati ya mbwa-mwitu" inaendelea kusema muwe na busara kama nyoka. Hakuwapa nafasi ya kuchagua moja.

Sasa Shakahola. Hili sitalipita haraka, kwa sababu najua ndilo linalokuuma. Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu ule wa Kilifi, na hesabu ikapita miili 400, watoto wakiwemo. Watu walikuwa wamefunga kula ili wakutane na Yesu. Paul Mackenzie, mhubiri wao, alikana mashtaka, na hilo ni la mahakama. Mimi nataka uitazame njia iliyowafikisha pale. Hakuna aliyeanza kwa kuambiwa afe njaa. Mahubiri yalianza kupinga shule. Yakapinga hospitali. Watu wakauza walichokuwa nacho, wakahama mbali na jamaa zao. Kila hatua ilimwondoa mtu ambaye angeweza kusema hapana: mwalimu, daktari, shangazi, jirani. Ilipofika zamu ya chakula, hapakuwa na sauti nyingine ya kulinganisha nayo. Waliosoma walikuwemo, na waliokuwa na kazi nzuri pia, kwa hiyo usidhani digrii yako ni kinga.

Ukitaka kumpima mtumishi yeyote wa Mungu, usianze na miujiza yake. Angalia anakutenga na nani, na anafanyaje ukimuuliza swali.

Hujui hili, au umelisahau kwa kuwa ulikuwa darasa la tatu. Mhubiri mmoja wa mkutano wa hema, ambaye simtaji wala kanisa lake, aliniambia mbele ya umati kwamba dawa yako ya pumu, ile ya kuvuta, ni ushahidi wa kutokuamini kwangu. Akataka niiache madhabahuni. Nilimwomba akuombee huku dawa ikiwa mkobani mwangu. Alikataa. Nikakushika mkono tukatoka, na mama mmoja nyuma yetu akasema kwa nguvu: "Msiwaguse masihi wa Bwana!"

Maneno hayo utayasikia kila pembe ya jiji hili, kila mara muumini anapouliza sadaka zimeenda wapi. Yametoka Zaburi 105. Zaburi yenyewe inamzungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa watu wachache, wageni, wakihamahama kutoka taifa hadi taifa, na Mungu akiwakemea wafalme wasiwaonee. Ni maneno ya kumlinda mnyonge dhidi ya mwenye nguvu. Leo mwenye nguvu ameyashika kumzima mjane anayeuliza habari ya fungu lake la kumi. Hili linanikasirisha, mwanangu, na sioni haya kukasirika kanisani.

Maana maandiko hayo hayo yananiambia nichunguze. Paulo alipohubiri Beroya, wasikilizaji walikwenda kuyapekua maandiko kila siku waone kama asemayo ni kweli, na kitabu cha Matendo kinawaita waungwana kwa sababu hiyo. Huyo alikuwa Mtume Paulo! Kwa Wathesalonike aliandika: jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema. Mimi nikikokotoa hesabu za kanisa na kuuliza kwa nini paa limegharimu mara mbili ya bei ya soko la Gikomba, ninatii.

Nyanya yako alikuwa mmoja wa ndugu wa Uamsho, ile harakati ya Wakristo waliookoka, huko Murang'a kabla hatujahamia Ol Kalou. Wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950, ndugu wengi walikataa kiapo cha Mau Mau, wakakataa pia bunduki za serikali ya mkoloni. Pande zote mbili ziliwaona wasaliti, na wengine waliuawa. Unaweza kubishana na uamuzi wao. Mimi mwenyewe nimebishana nao, na nyanya yako alinijibu hadi usiku. Lakini mtu anayekataa makundi mawili yenye silaha kwa siku moja, huwezi kusema hajui kufikiri mwenyewe. Waliweza kwa sababu walikuwa na sauti moja waliyoisikiliza kuliko zote. Mchungaji Timothy Njoya naye, Januari 1, 1990, alisimama katika kanisa la St. Andrew's, hapo karibu na chuo kikuu ulichosomea, akahubiri kwamba utawala wa chama kimoja una mwisho, siku ambazo watu walikuwa wakinong'ona hata vyumbani mwao. Julai 1997 polisi walivamia All Saints Cathedral wakampiga. Kesho mtu akikwambia imani ni kulala, mkumbushe huyo.

Na kizazi chako mlilifanya hili vizuri. Juni 2024 mliusoma Mswada wa Fedha wenyewe, mkafafanuliana, na mlipomaliza na Bunge mkaja kutuuliza makanisani kwa nini wanasiasa wanapewa mimbari. Wazee wenzangu wengine walikasirika. Mimi niliona mmetusaidia. Novemba mwaka huohuo Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilizikataa fedha ambazo Rais alikuwa ametoa kwa kanisa la Soweto hapa jijini. Sitasema ni nyinyi peke yenu mliosababisha, ila swali lilikuwa tayari mezani.

Nimekujibu kuhusu kufikiri. Amina nayo je?

Mwezi ule baba yako alipokuwa hospitalini, sikuwa na nguvu ya kupima hoja yoyote. Nilikuwa nikitembea kutoka wodini hadi kituo cha basi sijui nimefikaje. Zaburi ya 23 inasema "nijapopita kati ya bonde la uvuli wa mauti", na wakati ule sikutaka kuwa mtu mwenye msimamo wake. Nilitaka mtu aniongoze. Wanawake wa ushirika walinipikia, wakanisindikiza, wakaketi nami kimya. Nilikuwa kondoo kamili siku hizo, na sijutii hata moja. Kuna nyakati akili inatosha na kuna nyakati haitoshi, na Mungu ninayemwamini amenikuta katika zote mbili. Siwezi kukuthibitishia hilo ubaoni kama nilivyokuthibitishia Pythagoras. Ninakwambia tu kwamba nimelipima maisha yangu yote, na nimelishika.

Uliuliza mwishoni kama nitaumia ukiacha kuja. Nitaumia, sitakudanganya. Lakini ningeumia zaidi ukija kwa kuniogopa. Usikae mahali usipoamini ili kunifurahisha. Mungu hahitaji msaada wa aina hiyo, wala mimi.

Mkutano mkuu wa mwaka wa kanisa ni Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, saa sita baada ya ibada ya pili. Hesabu zitasomwa, na nimeomba nakala mapema. Kuna mistari miwili kwenye matumizi ya jengo ambayo sijaielewa, na wewe ndiye mhasibu. Ukija, keti nami uniambie kama naona sawa. Usipokuja, nitakutumia picha za kurasa hizo, na chakula cha mchana kitakuwa tayari saa nane.

Mama yako