Mungu Anatawala, Sasa Mbona Mashine ya Boti Imeibiwa?

Bwana asifiwe jamani. Wiki hii meseji zimekuwa nyingi, kusi limekaza, pale mnadani Bagamoyo ukienda asubuhi unakuta madalali wengi kuliko samaki, naona ndo maana maswali yote yanavutia upande mmoja: kama Mungu anatawala, mbona haya yanatupata?

SWALI: Mwinjilisti, wameniibia mashine ya boti usiku na marejesho ya kikoba yananisubiri. Ndugu wa kanisani kaja kunipa pole, kasema ni mpango wa Mungu nishukuru tu. Nimeshindwa. Ina maana sina imani?

Pole sana kaka. Mashine kaiba mwizi, tuanzie hapo. Mungu kutawala siyo kwamba ndo kamtuma mtu na spana aje afungue boti yako. Najua wamekusomea ya Yusufu alivyowaambia ndugu zake waliomtupa shimoni wakamuuza, "mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema", neno zuri wala silipingi, ila hebu kapige hesabu yake: kauzwa ana miaka 17, kasimama mbele ya Farao ana 30, ikapita miaka 7 ya shibe na 2 ya njaa ndo baba yake akafika Misri, mzee akaishi huko miaka 17 mingine, na hayo maneno Yusufu kayasema mzee akiwa keshazikwa. Karibu miaka 40! Tena kayasema mwenyewe, hakuna aliyechungulia kule shimoni akamwambia shukuru tu bwana mdogo. Kwa hiyo usilazimishwe kusema leo kitu ambacho labda utakisema ukiwa na mvi, au usikiseme kabisa. Kwa sasa karipoti polisi, waambie na wavuvi wenzako maana mashine ya wizi lazima mtu aitafutie mteja, na kwa mwenyekiti wa kikoba uende kabla ya siku ya marejesho, siyo ukae ndani umezima simu. Hilo nalo ni kumtegemea Mungu.

SWALI: Ni dhambi kumlalamikia Mungu?

Hapana. Daudi kauliza "Ee Bwana, hata lini", na Zaburi ya 88 ndo kabisa, inaanza na kilio na inaishia gizani, hakuna haleluya mwishoni. Na imo kwenye Biblia hiyohiyo unayobeba Jumapili.

SWALI: Shikamoo baba. Mama yangu ana presha, kaacha vidonge mwezi wa pili huu, anasema uhai uko mikononi mwa Mungu. Nimwambieje?

Marahaba mwanangu. Kesho mpeleke kliniki, mengine mtaongea njiani. Uhai uko mikononi mwa Mungu kweli, na mahindi pia, mbona shamba analima? Paulo huyuhuyu aliyeombea watu wakapona kamwandikia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na mwenzake Trofimo kamuacha Mileto anaumwa, wala hakumsema hana imani. Marehemu mama yangu vidonge vyake vilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga, anamimina kimoja kiganjani, anafumba macho, anaomba, anameza. Kimojakimoja. Sisi watoto tulikuwa tunacheka.

SWALI: Nimetembezwa pale misheni ya Bagamoyo na wanafunzi wenzangu. Kama Mungu anatawala, aliwaachaje wale watumwa?

Hili limeninyima usingizi. Mapadri walifika hapa 1868 kutokea Zanzibar, wakawa wanakomboa watumwa kwa kuwanunua, waliokombolewa wakapata kijiji chao wakawa wanalima mashamba ya misheni. Watu wa kanisa tunapenda kuishia hapo, tunapiga picha na msalaba tunaondoka (na mhubiri mgeni lazima achezee jina la Bagamoyo, atuhubirie "bwaga moyo", tushazoea). Lakini yule aliyeangukia njiani huko bara, na pembe ya ndovu begani, hakuna aliyemkomboa. Sababu yake siijui na sitakutungia. Ninachoshika ni Kutoka sura ya 2, kwamba watu waliugua utumwani na Mungu akasikia, na kwamba Yesu mwenyewe msalabani kauliza mbona umeniacha. Kwa hiyo nikisema anatawala, namsema huyo aliyewahi kuuliza swali lako. Kama halijakutosha, liulize tena, sitachukia.

SWALI: Tangu nifiwe na mume wangu nimeshindwa kuomba. Nikipiga magoti nasikia feni tu.

Dada yangu, basi usiombe kwanza. Yule aliyepooza alibebwa na watu 4 kwenda kwa Yesu, wakatoboa dari, na Marko anasema Yesu aliiona imani yao, yao wale wabebaji. Wewe njoo Jumapili ukae benchi la nyuma karibu na mlango, hutaitwa mbele wala kuulizwa kitu, nishawaambia kina mama. Ibada inaanza saa moja. Chai iko baadaye, na vitumbua.