Barua kwa mwanangu: rock, punk na metal, uanze na albamu ipi

Chumbageni, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Huku nyumbani wote hatujambo. Umeniuliza kuhusu albamu zangu za rock, punk (rock ya kasi yenye nyimbo fupi) na metal (rock nzito). Unasema umezijaribu huko Bagamoyo na unachosikia ni makelele matupu, kwa hiyo nikuchagulie chache, nikwambie uanze na ipi na usikilize nini ndani yake. Ukaongeza kwamba labda sikio lililokulia kwenye taarab na dansi haliyawezi mambo hayo. Hilo la mwisho silikubali.

Kabla ya albamu tuseme chombo. Uzi mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi unatikisika kama mara 41 kwa sekunde, na ule wa gitaa la kawaida mara 82. Spika ya simu haifiki chini huko. Besi yote inapotea pamoja na ngoma ya mguu, kinachobaki ni matoazi na mkwaruzo wa gitaa, na hayo ndiyo makelele yako. Sabufa ina kosa la upande wa pili: imetengenezwa ivume, na ukiiweka pembeni ya ukuta inavuma zaidi, mpaka gitaa linazama. Itoe kwenye kona na urudishe kitufe cha besi katikati au chini yake. Na kwenye simu, ile mipangilio ya sauti iliyoandikwa "Rock" izime. Mara nyingi inapandisha sauti za chini na za juu kabisa na kushusha za kati, na gitaa linaishi hapo katikati. Hedifoni za waya za kawaida zinatosha kuanzia. Usipandishe sauti kupita nusu, muziki huu unasikika mkubwa hata kwa sauti ndogo.

Sasa huo mkwaruzo wenyewe. Amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake, wimbi la sauti linakatwa kilele, na noti moja inazaa noti nyingine nyingi za juu yake ambazo mpigaji hakuzigusa. Ndiyo maana gitaa linakuwa nene na sauti yake haifi upesi. Lakini lina masharti. Mpiga rithimu wa dansi anaweza kukamata nyuzi zote sita na kila noti ikasikika. Fanya hivyo kwenye amplifaya iliyozidiwa, hizo noti za ziada zinagongana zinakuwa uji. Kwa hiyo wapigaji wa rock nzito mara nyingi hupiga noti mbili tu, ya msingi na ya tano kuhesabu kutoka hiyo, wakaiacha ile ya kati inayoupa wimbo furaha au huzuni. Kazi hiyo wanawaachia besi, mwimbaji na gitaa la solo.

Sikio lako linajua kufuata mambo haya. Tanga hii ndiyo ya Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na Black Star walipiga taarab kwa gitaa la umeme na besi. Ukiisikiliza Jamhuri unatenganisha solo, rithimu na besi bila kufikiri. Kwenye rock fanya vilevile, ila kwa mpangilio: mara ya kwanza fuata drams peke yake, mara ya pili besi, mara ya tatu ndipo gitaa. Mwimbaji mwache, atakujia mwenyewe.

Anza na Back in Black ya AC/DC, ya 1980. Sikuambii ndiyo bora, nakuambia ndiyo iliyo wazi kuliko zote. Nyimbo 10, dakika 42 hivi. Phil Rudd, mpiga drams, hapigi pigo lisilohitajika. Malcolm Young ameshika rithimu, mdogo wake Angus anampokea, na kati ya pigo na pigo wanaacha nafasi. Kwenye wimbo wenye jina la albamu gitaa likinyamaza linanyamaza kweli, unasikia drams tu zikiendelea kuhesabu. Jalada ni jeusi kwa ajili ya msiba: Bon Scott, mwimbaji wao, alifariki Februari mwaka huohuo, na anayeimba humu ni Brian Johnson.

Ya pili ni Ramones, albamu ya kwanza ya Ramones wa New York, 1976. Nyimbo 14 kwa dakika 29. Hii ndiyo darasa bora la kusikiliza, kwa sababu wameweka besi upande mmoja na gitaa upande wa pili, drams na mwimbaji katikati. Vua hedifoni ya sikio moja, utabaki na besi; geuza, utabaki na gitaa. Ukisikiliza upande wa gitaa utamsikia Johnny Ramone akipiga mkono kwenda chini tu, chini, chini, bila kurudisha juu. Mpiga gitaa wa kawaida hupiga chini na juu kwa zamu ili mkono upumzike, ila pigo la juu huwa jepesi kidogo na mdundo unayumba. Chini tupu kila pigo lina uzito uleule. Jaribu kwa kidole mezani kwa mwendo wa wimbo mmoja mzima, utaona kigasha kinavyouma kabla haujaisha.

Kutoka hapo nenda London Calling ya The Clash, Desemba 1979. Santuri mbili kwa bei ya moja, nyimbo 19, na ule wa mwisho, Train in Vain, haukuandikwa kwenye jalada la kwanza. Punk kwao ni mlango tu, ndani kuna reggae, ska (mzazi wa reggae) na rockabilly (rock ya zamani ya Marekani). Sikiliza besi ya The Guns of Brixton, wimbo wa Paul Simonon mwenyewe, mpiga besi wao. Ndiye yule pichani anayevunja besi yake jukwaani. Ni ndefu, igawe siku mbili.

Halafu Bad Brains, na hii usiiruke. Ni vijana weusi wa Washington walioanza kwa kupiga jazz iliyochanganywa na rock, wakahamia punk, wakaingia Urastafari. Albamu yao ya kwanza, 1982, ilitoka kwa kanda tu, yenye jalada la manjano na radi inayopiga jengo la bunge la Marekani. Nyimbo za kasi zinapita kabla hujakaa sawa, kisha ghafla linakuja reggae la polepole, drams zilezile na mikono ileile. Rudia hapo zinapobadilika. Utajua kwamba ile kasi haikuwa vurugu, maana mtu asiyeweza kushika mwendo hawezi kupiga reggae ile. Rekodi yake ni chafu kidogo, sauti imebanwa. Hiyo ni kanda yenyewe ilivyo, hedifoni zako hazina kosa.

Kama bado sikio linagoma, pitia Zambia kwanza. Bendi ya WITCH walitoa Lazy Bones!! mwaka 1975, wakiongozwa na Emmanuel Chanda waliyemwita Jagari. Gitaa linakwaruza kama la Wazungu ila mdundo wa chini ni wa kwetu huku, unatembea. Mwaka huohuo Amanaz walitoa Africa, ambayo ni tulivu zaidi. Mimi ningechukua WITCH.

Sasa metal. Ukitaka kuielewa, ielewe Master of Reality ya Black Sabbath, 1971. Tony Iommi wa Birmingham, mpiga gitaa wao, alikuwa na umri wa miaka 17 mashine ya kiwandani ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Yeye anapiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo hivyo ndivyo vidole vya kukandamiza nyuzi. Akayeyusha plastiki ya chupa ya sabuni, akajitengenezea vikofia vya vidole, akavifunika kwa ngozi, na akatafuta nyuzi nyembamba zisizoumiza. Kwenye albamu hii ya tatu akafanya jingine: katika nyimbo kadhaa alilegeza nyuzi zote nusu-noti tatu chini. Uzi uliolegea haukandamizwi kwa nguvu, na papo hapo unatoa sauti ya chini zaidi. Geezer Butler naye akalegeza besi imfuate. Metal nyingi nzito uliyowahi kuisikia imetoka kwenye kulegeza huko. Sikiliza Children of the Grave, kisha Into the Void, ukiwa umefuata besi kwanza. Utaona besi na gitaa vinatembea njia moja, na zile sauti mbili ulizodhani ni fujo ni kitu kimoja kinachosemwa na vyombo viwili.

Shangazi yako atakuuliza habari za mashetani. Mwambie asikilize After Forever humohumo: Butler, aliyelelewa Kikatoliki, ameandika wimbo wa kumtetea Mungu, waziwazi kabisa. Jina la bendi, yaani Sabato Nyeusi, lisimtishe.

Master of Puppets ya Metallica, 1986, ije baada ya hapo, si kabla. Nyimbo nane, karibu dakika 55, na wengi huanza nayo ndiyo maana wanakimbia. Mkono ule wa Johnny Ramone unaokwenda chini tu utaukuta tena kwa James Hetfield, ila sasa kiganja kimelazwa juu ya nyuzi karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa, ili kila pigo liwe fupi na kavu. Kwenye wimbo wenye jina la albamu hesabu moja mpaka nne mwimbaji anapoimba beti. Kila ukifika mzunguko wa nne hesabu yako itajikwaa, kwa kuwa wamekata kipande cha pigo hapo. Wamefanya makusudi, ndiyo maana wimbo unakuvuta kama unaanguka mbele. Katikati yake kuna sehemu ya utulivu yenye magitaa mawili yanayoimbiana, hiyo usiiharakishe. Orion haina maneno, na humo besi ya Cliff Burton inapata nafasi ya kuimba. Alifariki Septemba mwaka huo kwenye ajali ya basi huko Uswidi.

Tahadhari mbili kwa bendi hii. Ukifika ...And Justice for All ya 1988 besi karibu haisikiki kabisa. Usifungue sabufa kutafuta waya uliokatika, wameichanganya hivyo. Na Death Magnetic ya 2008 imepandishwa sauti mpaka inakatika-katika. Kushusha sauti hakusaidii kitu, uharibifu umo ndani ya rekodi.

Reign in Blood ya Slayer, 1986, ni dakika 29 na nyimbo 10. Rick Rubin, mtayarishaji wake, aliondoa mwangwi karibu wote, kwa hiyo hata kwa kasi ile kila pigo la mpiga drams Dave Lombardo linasimama peke yake. Wimbo wa kwanza unaeleza ukatili wa Josef Mengele, daktari wa kambi ya Auschwitz. Usiuweke sebuleni watoto wakiwapo.

Ya mwisho, Roots ya Sepultura wa Brazil, 1996. Magitaa yamelegezwa mpaka noti ya B, na drams za Igor Cavalera zimezungukwa na ngoma za Carlinhos Brown. Wimbo wa Itsári wameurekodi pamoja na Waxavante, wenyeji wa asili wa Brazil, katika kijiji chao. Kwa mtu aliyezoea ngoma za huko Bagamoyo hii ni nyumbani, ila ukianza nayo gitaa litakufukuza.

Wapo watakaokuambia uanze na Queen kwa sababu Freddie Mercury, mwimbaji wao, alizaliwa Unguja. Haya, lakini chukua Sheer Heart Attack ya 1974, usikilize Stone Cold Crazy. Ile kasi ni ya metal ya miaka iliyofuata. Na Rage Against the Machine ya 1992 iweke akiba. Tom Morello, ambaye baba yake ni Mkenya, anazima kabisa pikapu moja ya gitaa (sumaku inayonasa sauti ya nyuzi) na kuchezesha swichi, sauti inakatika mithili ya didjei anayekwaruza santuri. Lugha yao ni chafu, ujue hilo.

Pakua albamu nzima badala ya kuisikiliza moja kwa moja mtandaoni. Kwa ubora wa juu wa kbps 320 kila dakika inakula takriban MB 2.4, kwa hiyo Back in Black ni kama MB 100 na Master of Puppets kama 130. Fanya kazini penye waifai, usimalize bando. Zima kile kitufe cha kuchanganya nyimbo, mpangilio umewekwa kwa sababu.

Msalimie mkeo. Ukimaliza Sabbath nipigie kabla hujaifikia Orion, kuna sehemu moja ya besi nataka tuisikilize pamoja kwenye simu, wewe huko na mimi huku.

Mama yako